Historia ya Natanaeli Bahizi, Mkalimani wa Kamera ya Koo

Wapendwa mliokuja kutoka Juru, Base Camp, Rwekubo na Mbarara, tunawaomba mliosimama juani msogee chini ya turubai, na wenye watoto wadogo wawapakate, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo kuliko mlivyozoea, na marehemu mwenyewe aliomba, kwa mwandiko wa mkono wake, isomwe yote bila kurukwa, nami binamu yake, niliyefundisha naye shule moja, nimekabidhiwa niisome kwa niaba ya familia. Wengi wenu mmeona kwamba kiti kilicho kando ya jeneza, ambacho ni cha mjane, ni kitupu, na mmesikia kwa nini, maana ilisemwa Jumapili mbele ya watu wote kwamba mama Orpa aliujua ugonjwa wa mumewe akamficha mpaka akafa, na tangu siku hiyo wakwe zake wamemketisha jikoni, nyuma ya nyumba hii. Marehemu alijua kwamba neno hilo litasemwa, ndiyo maana aliandika.

Natanaeli Bahizi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Jomba, wilaya ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Semasaka na Mama Nyiramana, ambao wote wawili wametutangulia, na kati ya hao watano aliyebaki leo ni kaka yake mkubwa, Mzee Habiyambere, aliyeketi hapa mbele.

Alianza shule ya msingi Jomba mwezi Septemba 1977, akaendelea na sekondari Rutshuru, ambako alipata diploma ya ualimu mwaka 1990, na walimu wake walimkumbuka zaidi kwa sauti kuliko kwa hesabu, kwa kuwa ndiye aliyesoma matangazo ya kanisa kila Jumapili na walioketi nje kwenye majani walimsikia bila shida. Kiingereza alijifunza akiwa na miaka thelathini na minane, hapa kwenye kambi ya Nakivale, Uganda, akiketi kwenye benchi moja na watoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa kidevu, na watoto walipomcheka alicheka nao.

Alifundisha Jomba miaka kumi na minane. Tarehe 19 Agosti 1995 alifunga ndoa na Orpa Mukakalisa, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Umwiza, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1998, na Bella, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 2004. Mwishoni mwa Oktoba 2008 vita viliwaondoa nyumbani, wakavuka mpaka wa Uganda pale Bunagana kwa miguu, Bella akiwa mgongoni kwa baba yake, na tarehe 11 Desemba mwaka huo wakapewa kiwanja hiki mnachokikalia, ambacho wakati huo kilikuwa vichaka na mawe.

Tarehe 7 Februari 2013, siku ya Alhamisi, alianza kazi ambayo wengi wenu mlimjua nayo, ya ukalimani katika kliniki moja ya masikio, pua na koo mjini Mbarara, upande wa Kamukuzi, ambayo kila Alhamisi ilipokea wagonjwa kutoka makambini, kwa sababu daktari wa hapo, Daktari Umaru, alijua Kiingereza, Kinyankore na Kiswahili cha sokoni, wala hakuelewa mama wa Rutshuru akimwambia kwamba chakula kinasimama katikati.

Kwa ajili ya watoto walio hapa nitaeleza kidogo kazi yenyewe. Daktari alikuwa na kamera mbili. Ya kwanza ni kama kamba nyeusi, nyembamba kuliko penseli, inapinda, na ncha yake ina taa, inapitishwa puani polepole mtu akiwa ameketi na macho wazi, mpaka inafika juu ya koo na kuonyesha kwenye skrini zile nyuzi mbili za sauti zinazofunguka na kufungika. Ya pili ni bomba la chuma lililonyooka, la kuingizwa mdomoni mpaka ndani ya njia ya hewa mtu akiwa amelazwa usingizi, na kwa bomba hilo daktari alitoa maharage, karanga, vifungo vya shati, na mara moja jino la mtoto mwenyewe. Kazi ya marehemu ilikuwa kushika mkono wa mgonjwa, kumwambia lini ameze, lini asimeze, na lini aseme "iii", na alipoona mtu ametoa macho kwa hofu alisema "iii" pamoja naye, kwa sauti yake ile, hata wagonjwa waliongoja nje wakaanza kucheka.

Tarehe 21 Mei 2015 alimbeba mikononi msichana wa miaka mitatu kutoka Kabazana aliyekuwa amevuta punje ya haragwe, akakimbia naye toka lango la kliniki mpaka kitandani, bomba likaingia, haragwe likatoka, na msichana huyo leo yuko darasa la sita, ameketi pale na wanakwaya.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo marehemu alitaka lisemwe. Tarehe 2 Oktoba 2014 mzee mmoja wa kanisa, ambaye sitamtaja, aliona koo lake mwenyewe kwenye skrini, akauliza kile cheupe ni nini, Daktari Umaru akajibu, na Natanaeli akatafsiri neno kwa neno kama alivyoagizwa, kwamba ni saratani na imechelewa. Mzee yule alishuka Rwekubo, akaketi mbele ya duka, hakutaka kuendelea na safari, na alipoletwa nyumbani hakula tena, siku ya tisa akafa. Natanaeli hakujisamehe. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa njiani, anaachwa kwanza afike, aketi, ale, ndipo wakubwa wamkalie karibu, naye aliona kwamba amevunja heshima hiyo na kumuua mtu kwa mdomo.

Basi alipatana na Daktari Umaru. Tangu siku hiyo, kamera ikionyesha kitu kibaya, skrini iligeuzwa ukutani ili mgonjwa asiione, ndugu yake aliitwa veranda ya nyuma, na Natanaeli alimwambia huko ukweli wote, kisha akamfundisha maneno ya kurudi nayo ndani, kwamba ni kitu kidogo, kitatolewa, utapona. Wakati huo mgonjwa alipewa soda ya kushika, ili mikono isikae bure. Karatasi zilikuwa mbili, moja ya kweli iliyobaki kliniki, na moja laini ya kwenda nayo nyumbani. Kwa miaka minane, kwa hesabu ya muuguzi Robinah, ilifanyika hivyo mara thelathini na saba. Baadhi yenu mliopo mliketi kwenye veranda ile, na baadhi yenu ni watoto wa walioshika soda, mnasikia leo kwa mara ya kwanza, na marehemu aliniomba nisimame kidogo hapa kabla ya kuendelea.

Alimwandika mmoja kwa jina kwa ruhusa ya binti yake, Mama Nyirabagenzi wa Juru, ambaye aliamini kwamba anapona, akakataza mwanawe asiitwe kutoka Kampala kwa kitu kidogo, akapanda viazi vya msimu ujao, na akafa Ijumaa moja akiita jina la huyo mwana. Binti yake alimletea Natanaeli kuku wa shukrani, naye alimpokea.

Mwaka 2022 Daktari Umaru alistaafu, akaja Daktari Hafswah, kijana, mpole, na kliniki ikahamia chumba chenye dirisha linalotazama magharibi. Mpango wa skrini hakuna aliyemweleza, kwa kuwa Natanaeli alikuwa ameshazoea kuigeuza mwenyewe, na daktari alidhani anaiondoa njiani tu.

Mwezi Machi 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Alisema ni vumbi la chaki, maana siku nyingine za juma bado alifundisha nasi shule ya hapa. Kufikia Pasaka alikuwa akisema kama mtu anayeongea ndani ya gunia, kwaya ikamhamishia safu ya nyuma, watoto wa bomba la maji wakamwita Mwalimu Bata, na jirani mmoja akamwambia mbele ya foleni nzima, "Bahizi, batu banasema umeuzisha sauti yako kule Mbarara." Naye akajibu kwa pumzi iliyobaki, "Nimeuzisha, lakini bado banalipa kwa kipande kwa kipande," wakacheka wote, na aliporudi nyumbani alilala ameelekea ukutani.

Mama Orpa ndiye aliyemlazimisha, akafuatana naye mpaka kliniki. Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, saa kumi alasiri, baada ya wagonjwa wote kwisha, aliketi yeye kwenye kiti kile, na hapakuwa na wa kumshika mkono kwa sababu mshika mikono alikuwa yeye. Kamera ilipita puani, akasema "iii", sauti haikutoka. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kupiga skrini moja kwa moja, Daktari Hafswah hakuona vizuri, akaigeuza ukutani ili ipate kivuli. Aliona uvimbe mdogo kwenye uzi wa kushoto, kama mbegu ya ulezi, wa kukatwa na kupimwa, na kwa ukubwa ule alikuwa na matumaini makubwa. Kisha akamwita mama Orpa veranda, kwa sababu moja tu, kwamba mgonjwa alipaswa kunyamaza kabisa majuma mawili mpaka siku ya kukatwa, na daktari alimjua kuwa mtu asiyeweza kunyamaza, akataka mke amsaidie. Robinah, kwa upendo na kwa utani, akafungua soda akamtia mkononi, akamwambia, "Leo wewe ndiyo mgonjwa, sebo, kunywa."

Mama Orpa akarudi ndani, akasema aliyoambiwa. "Munganga anasema ni kadogo, sawa mbegu ya ulezi. Batakatoa. Utapona."

Natanaeli aliitazama soda mkononi, akaitazama skrini iliyoelekea ukutani, kisha akanong'ona, "Umesema muzuri, mama Umwiza. Hata mimi singesema muzuri kukupita."

Mama Orpa alidhani anasifiwa. Alifurahi njia nzima.

Siku ya kukatwa ilikuwa Alhamisi tarehe 22 Juni 2023, na hakwenda. Alisema kichwa kinauma, akasema juma lijalo, akasema baada ya mavuno. Mkewe alimwonyesha karatasi ya daktari, akaisoma, akaikunja vizuri, akairudisha, kwa kuwa karatasi za kwenda nyumbani yeye ndiye aliyekuwa akizitunga. Mwezi Agosti Daktari Hafswah alimpigia simu mwenyewe, akamwambia, "Mzee, njoo, ni kitu kidogo kabisa," naye akashukuru na kukata. Mama Orpa alimsihi, akalia, akaita wazee wa kanisa, akaapa kwa watoto wao, na kadiri alivyozidi kuapa ndivyo mumewe alivyozidi kuwa na hakika kwamba anakufa, kwa sababu hata kuapa alikuwa amewafundisha wake za watu. Hakumwambia kwamba hamwamini. Aliona mkewe amebeba mzigo mzito kwa ajili yake, akaona ni vibaya kumwaibisha, akajifanya mtu anayeogopa kisu. Akatengeneza paa, akajenga ukuta wa choo, akamfundisha Bella kusaini barua za familia, akaacha kwenda kliniki, na kila jioni alimwambia mkewe kwa mnong'ono kwamba anajisikia nafuu, na mkewe akamwamini.

Hivyo wakaishi mwaka mmoja, kila mmoja akimtunza mwenzake.

Mwezi Desemba 2023 alianza kuchoka akipanda kilima cha shule. Mwezi Aprili 2024 pumzi yake ilisikika toka barabarani, kama msumeno, na watoto waliomwita bata wakaacha kumwita chochote. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 4 Julai 2024 midomo yake ilikuwa ya bluu, kijana Kezironi wa duka la Rwekubo akampakia kwenye gari lake la mizigo na kumfikisha Mbarara kabla ya saa nne, ambako bomba la chuma lilijaribiwa likakosa njia, na Daktari Hafswah akamtoboa shingo ili apumue. Mbegu ya ulezi ilikuwa imejaza koo lote na kushuka kwenye tezi. Ilikuwa saratani, na sasa kweli ilikuwa imechelewa.

Kwa kuwa hakuweza kusema tena, nilimpelekea daftari la mistari mipana, lile la watoto wa darasa la kwanza, na penseli. Mwezi Agosti kaka yake alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akamwambia mama Orpa mbele ya mgonjwa, "Weye ulijua, ukamuficha, mutu wetu anakufa sawa kuku." Natanaeli aliandika kitu haraka akamnyoshea daftari, na Mzee Habiyambere hakulishika, akasema maandishi ya mgonjwa si neno la mtu. Nasema hili kwa heshima, Mzee, na wewe uliniambia nisiliseme, lakini marehemu ndiye aliyeniagiza kwanza.

Alichokuwa ameandika siku ile ni kwamba asilaumiwe mke, amefanya kama wake wote wema wanavyofanya. Maana hata siku hiyo bado aliamini kwamba alidanganywa, na alikuwa amemsamehe.

Alhamisi tarehe 5 Septemba 2024 Daktari Hafswah alipokuja kusafisha tundu la shingo, Natanaeli alimwandikia, "Usihangaike, mwanangu, nilijua tangu siku ile ulipogeuza skrini." Daktari akasoma, akasoma tena, akasema, "Mzee, niligeuza kwa sababu ya jua." Daktari hakuelewa maana yake. Akaendelea, "Jua lilikuwa linanimulika. Ilikuwa kitu kidogo, nilikuambia. Kila mtu alikuambia." Robinah, aliyekuwa ameshika bakuli, ndiye aliyeelewa, akakumbuka soda, akaliweka bakuli chini na kutoka nje.

Natanaeli alitazama dirishani, halafu akaomba mkewe aitwe. Akaandika, "Ile ya ulezi, ilikuwa kweli?" Mama Orpa, ambaye kwa miezi kumi na tano alidhani ameolewa na mtu mwoga, akasoma, akasema, "Ilikuwa kweli, tata Umwiza. Sijawahi kukudanganya hata siku moja."

Mtu mwenye tundu shingoni akilia hasikiki. Waliokuwapo wanasema waliona mabega tu.

Siku zilizobaki alizitumia kuandika. Alimwomba Robinah hesabu ya veranda, ndiyo hiyo thelathini na saba niliyoisoma. Kisha akaandika maneno haya, ninayoyasoma kama yalivyo: "Mimi Natanaeli Bahizi, nikiwa na akili timamu na tundu shingoni, nasema Orpa Mukakalisa hakunificha kitu. Aliniambia kweli siku ile ile, kwa maneno yale yale niliyowapa wengine wawe wanadanganya nayo, ndiyo maana sikuyaamini. Yakiisha kusomwa haya, aketi kando yangu. Wa veranda na wa soda wote, nilidhani ninawafadhili. Kuku wa Mama Nyirabagenzi nilimla."

Alifariki Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, saa mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mkewe akiwa ameshika mkono wake. Ameacha mjane, mabinti wawili na mjukuu mmoja.

Familia inamshukuru Daktari Hafswah, ambaye hakuondoka kando yake tangu aelewe, na ambaye ametundika pazia jeusi kwenye dirisha lile, muuguzi Robinah, Daktari Umaru aliyetuma salamu akaomba zisisomwe, Kezironi wa Rwekubo na gari lake, walimu wenzetu, kwaya iliyomrudisha safu ya mbele jana alipokuwa ameshakuwa jeneza, na majirani wote wa Juru waliochota maji na kukata kuni, pamoja na wale waliomcheka, kwa kuwa nao wamekuja.

Sijamaliza. Kiti bado ni kitupu, na mstari wa mwisho, ambao marehemu aliuandika ili yeye mwenyewe aambiwe, aliagiza usisomwe mpaka kijazwe. Nimefundisha watoto miaka ishirini na minane, nimezoea kusimama mbele ya watu nikingoja watulie na wafanye lililo sawa bila kupigiwa kelele, basi nitangoja hapa, hata jua likitukuta. Umwiza, Bella, nendeni jikoni mkamlete mama yenu. Mzee Habiyambere, tunaomba umpishe njia.

Asante, Mzee. Karibu, mama Orpa, keti.

Natanaeli, mkeo alikuambia kweli, na sasa watu wote wamesikia. Pumzika kwa amani.